"MINYAMA UZEMBE": UZEMBE WA NANI?

Wiki hii nimekuja na mada nzito, na nikisema nzito naomba usigeuke kuangalia tumbo la jirani yako kwenye daladala. Angalia la kwako kwanza!

Kuna neno moja mjini tunalitumia kama chumvi. Mtu akiwa na nyama zinazomwagika pembeni ya suruali, tunasema ana "minyama uzembe". Tunacheka, tunapita. Lakini hebu lisikilize vizuri hilo neno. Hilo ni hukumu bwana! Limeshataja kosa, limeshamtaja mkosaji, na rufaa hakuna. Mtu akiugua malaria kwa sababu alilala bila chandarua hatumwiti "homa uzembe". Tunampa pole na machungwa. Ila mnene akipita tunampa jina.

Sasa swali langu la leo ni hili: unene ni kosa la nani? La mwenye mwili, la wazazi wake, la muuza chipsi, au la serikali? Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, cheti ninacho kabatini. Lakini nimeuliza, nimesoma, na nimekaa mahali ambapo neno "uzembe" linashindwa kabisa kusimama. Mahali penyewe panaitwa Mwakitolyo.

WAVIVU WAKO WAPI?

Kwa wasiopajua, Mwakitolyo ni kata iliyo Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, huku kwenye ukanda wa dhahabu tunaopakana na wenzetu wa Geita. Watu wanachimba kwa jasho. Kijana anashuka duarani kwa kamba, tochi kichwani, akitoka amekuwa rangi moja na mawe. Wengine wako kwenye karasha, wengine mwaloni wanaosha udongo, akina mama wanaponda mawe tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ukitafuta mvivu Mwakitolyo itabidi umwagize kutoka nje.

Na bado vitambi vipo! Si kwa kila mtu. Vijana wanaoshuka chini wengi wamekauka kama kuni. Lakini mwenye duara ana kitambi. Wakala wa pesa za simu kitambi kinaanza kuchungulia. Mwenye pikipiki zake tatu naye humo humo. Na mama ntilie, huyu ambaye kila mtu anamwamkia "mwangaluka mayu" akipita kuchukua chai, naye mwili umemzidi, wakati hakuna anayefanya kazi saa nyingi kumpita.

Huyo mama ntilie mmojawapo ni mama yangu mdogo. Jina lake nalihifadhi, maana akiliona gazetini sitakula kwake tena. Siku moja nilimtania, nikamwambia, "Mama mdogo, punguza basi, kiti kinalalamika." Akanijibu bila kuinua macho kwenye sufuria:

"Mwanangu, mimi naamka saa kumi alfajiri. Nasimama mpaka saa nne usiku. Hebu nioneshe huo uvivu uko saa ngapi."

Nilinyamaza. Kwa kweli ningejibu nini?

KAZI PEKE YAKE HAITOSHI

Kuna jambo watafiti wameligundua hapa hapa Tanzania ambalo linampa mama mdogo haki yake. Wahadzabe, wenzetu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali pembezoni mwa Ziwa Eyasi, walipimwa na kundi la wanasayansi likiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer, na matokeo yakatoka mwaka 2012. Walipima watu wazima 30. Wanaume walikuwa wanatembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Hakuna mnene pale.

Wengi tungesema, "Si unaona! Wanachoma mafuta mengi kwa kutembea." Kumbe sivyo! Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati ambayo Mhadzabe anatumia kwa siku nzima haikutofautiana na ya Mmarekani anayekaa ofisini. Mwili unafanya kama mama mwenye bajeti: ukitumia nyingi kwenye kazi, unabana kwingine ili hesabu isipasuke.

Wale watafiti wakasema tofauti kubwa lazima itafutwe kwenye chakula. Mhadzabe anakula anachokitafuta, hana duka la jirani. Usinielewe vibaya, sisemi uache mazoezi. Mazoezi yanasaidia moyo, presha, sukari, usingizi na hata raha ya kichwa. Lakini anayekimbia nusu saa halafu akapita kwa muuza chipsi kujipongeza, huyo anachota maji kwa tenga.

TWENDE MEZANI

Basi tuangalie kinachoingia mdomoni. Bibi zetu wa Usukumani walikula ugali wa mtama au uwele, mlenda, maziwa, na michembe ile ya viazi vilivyokaushwa. Kula kulikuwa kwa msimu. Mvua ikigoma, na tumbo linagoma.

Leo machimboni pesa haiji kwa msimu wa mvua, inakuja kwa bahati. Kijana anaweza kukaa wiki tatu anakula ugali wa kukopa. Siku duara likitema, mgao ukifanyika, usiku huo huo anataka kulipa kisasi kwa njaa yote! Kiti moto sahani mbili, kreti la bia mezani, washkaji kumi wamemzunguka, muziki juu. Na wewe wa mjini usicheke, maana mwisho wa mwezi unafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wewe umevaa tai.

Hebu tupige hesabu ndogo. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37. Hiyo ni kama vijiko 9 vya chai! Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko 6. Kwa hiyo soda moja tu umeshavuka, na chai ya asubuhi hujaihesabu.

Bia ya mililita 500 ina kalori kama 200. Ukinywa tano umeweka 1,000, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtu wa kawaida, na bado nyama haijaiva. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, sasa piga picha zege lako la chipsi mayai limeogelea vijiko vingapi. Ndiyo maana ninasema kalori za siku hizi hazina kelele. Zinaingia kimya kimya kama mwizi wa kuku.

Na mama mdogo je? Yeye hakai mezani hata mara moja. Anaonja mchuzi, anaonja maharage, anakula kipande cha chapati kilichokatika, ukoko wa wali usitupwe bure, chai ya maziwa yenye sukari nyingi ya kumfukuza usingizi. Halafu saa nne usiku, wateja wakiisha, ndiyo anakula chakula anachokiita cha kwanza, na kulala saa tano. Usingizi wenyewe saa tano tu. Wataalamu wameonyesha kwamba mtu asiyelala vya kutosha huongezewa njaa na homoni zake mwenyewe, na mwili unataka vitamu na vyenye mafuta. Hapo uzembe uko wapi? Hayo ni maisha.

MBEGU NA SHAMBA

Kuna na suala la kuzaliwa. Mwaka 1986 daktari Albert Stunkard na wenzake walichapisha utafiti wa watu 540 wa Denmark waliolelewa na familia zisizowazaa. Wakauliza: hawa wakiwa wakubwa, unene wao unafanana na wa nani? Ulifanana na wa wazazi waliowazaa. Kwa wale waliowalea na kuwapikia kila siku, uhusiano haukuonekana!

Mwaka 1994 kule New York, Jeffrey Friedman na wenzake wakagundua homoni inayoitwa leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba imebaki kiasi gani. Mwaka 2007 ikapatikana jeni inayoitwa FTO. Mwenye nakala mbili za aina yake ya unene huwa mzito kwa kilo kama 3 kuliko asiye nayo. Njaa yako na ya rafiki yako si lazima ziwe njaa moja.

Na ukishanenepa, mwili unashikilia. Marekani kulikuwa na shindano la televisheni la kupunguza unene, The Biggest Loser. Mwaka 2016 watafiti waliwafuatilia washindani 14, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa inatumia kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Yaani mwili ulikuwa bado umefunga mkanda!

Lakini ngoja kwanza. Usichukue hizo habari za jeni ukaenda kuagiza kiti moto. Jeni za Watanzania hazikubadilika juzi. Takwimu za afya za taifa zinasema wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015/16. Na hapo mwaka 2015/16, mijini ilikuwa asilimia 42, vijijini 21. Mara mbili! Mbegu ni ile ile. Shamba ndilo limebadilika.

Na shamba lenyewe tunaliona. Shinyanga ilikuwa na sifa ya baiskeli, mtu anapanda Kahama, anapanda Mwadui, anabebana na mkewe na gunia juu. Siku hizi ukisema unaenda sehemu kwa baiskeli watu wanauliza kama umefilisika. Bodaboda inakutoa mlangoni inakuweka mlangoni. Maji safi ya kunywa machimboni ni ya kununua na mara nyingi ya moto, wakati soda iko kwenye friji, baridiii. Jua linawaka. Wewe ungechagua nini?

"UMENAWIRI!"

Tusisahau na sisi wenyewe tunavyoshangilia. Mtu akirudi kutoka safari ameongezeka kilo nane, salamu ya kwanza ni "Umenawiri! Pesa ipo!" Akipungua mbili tu, mtaa mzima unanong'ona.

Hii si ya leo. Mwaka 1861 yule mpelelezi wa Kiingereza, John Speke, alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, huko ambako leo ni mkoa wa Kagera. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1863 ameandika jinsi wake wa wakubwa walivyonenepeshwa kwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama. Binti wa miaka 16 alikuwa ananyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Sasa niambie, yule binti naye tumwite "minyama uzembe"?

Halafu ukaja ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waliripotiwa mwaka 1983, huko huko Kagera. Miaka ile kukonda kulikuwa ni tangazo la msiba. Wazazi wetu walijifunza kuogopa mifupa ya shingo kuliko kitambi, na wametulea na hofu hiyo. Mama akikwambia "kula mwanangu, watu watasema nini", anaongea na makaburi aliyoyaona.

FIMBO YA MANENO

Sasa nifike pale panaponiuma. Mama mdogo alianza kuchoka ovyo, kiu kila saa, usiku anaamka kukojoa mara nne. Akaenda kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Foleni imejaa. Mhudumu akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akasema mbele za watu, "Mama, wewe huumwi. Wewe ni kula tu."

Foleni ikacheka.

Mama mdogo akachukua kanga yake akaondoka. Hakurudi kwa zaidi ya mwaka. Aliporudi, alirudi hospitali nyingine na kidonda cha mguuni kisichopona, sukari iko juu. Walimkata vidole viwili vya mguu. Bibi zetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia kwamba kuna watu wanaficha maradhi kwa sababu wakiyaonyesha wanachekwa.

Ndiyo maana nasema neno "uzembe" lina gharama. Kumwaibisha mnene hakumpunguzi hata gramu moja. Kunamfukuza tu kwenye mlango wa daktari. Kama ni uzembe, basi wa kwanza kutajwa awe yule aliyekuwa na kipimo cha sukari mezani akatumia mdomo.

HAYA, NA MIMI NIFANYE NINI?

Je, mwenye mwili ndiyo hana lake? Hapana, lake analo. Hukuchagua jeni, hukuchagua mtaa, hukuchagua bei ya maji. Lakini mkono unaopeleka chupa mdomoni ni wako. Mimi naona tofauti kati ya lawama na wajibu. Lawama inauliza nani alikosea jana. Wajibu unauliza nani ataanza kesho asubuhi. Wewe unaweza usiwe na lawama hata kidogo, wajibu ukabaki wako, kwa sababu mguu utakaokatwa si wa muuza soda.

Kwa hiyo fanya haya. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni usawa wa kitovu. Usivute tumbo ndani, unamdanganya nani? Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanaume akizidi 94, taa ya njano imewaka. Zikifika 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume, hiyo ni nyekundu. Kapime sukari na presha. Ukijibiwa vibaya, nenda kwingine, lakini usirudi nyumbani kulala.

Soda iwe ya sherehe, kiu iwe ya maji. Sukari ya chai punguza kijiko kimoja kwa wiki, ulimi utazoea. Sahani yako nusu iwe mboga: matembele, mchicha, mlenda, na bei yake haikufukuzi. Siku za kula mgao, weka kikomo kabla muziki haujaanza, maana ukishaanza hesabu hazipo. Lala. Tembea. Serikali ilizindua kampeni ya mazoezi Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa. Nzuri, ila wewe usingoje Jumamosi.

Na achana na vidonge na majani ya chai ya mitandaoni yanayoahidi kilo kumi kwa wiki. Wenye unene uliopindukia wana njia za kitaalamu, hata puto la tumboni huwekwa pale Mloganzila, na zipo sindano kama semaglutide. Kwenye utafiti wa mwaka 2021 waliochomwa hiyo walipungua wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito. Lakini walioiacha walirudisha theluthi mbili ya kilo hizo ndani ya mwaka. Hiyo ni ya kuamua na daktari, si na shosti.

Na wakubwa nao wasikae pembeni. Mexico iliweka kodi ya vinywaji vya sukari Januari 2014, Afrika Kusini ikafuata Aprili 2018. Huku kwetu ningeanza na kitu rahisi zaidi: maji safi ya baridi yauzwe bei ya chini kuliko soda kila penye jua na kazi.

Mama mdogo hakungoja wakubwa. Anameza vidonge vyake, anakula saa moja jioni kabla wateja wa usiku hawajajaa, na ameacha kumaliza ukoko. Amepungua kilo sita kwa mwaka, si nyingi, lakini sukari imetulia. Na kwenye friji lake, rafu ya juu kabisa sasa ni ya maji. Anasema wachimbaji wanayanunua kuliko alivyofikiri.

Wewe unayesoma hapa, wiki hii jaribu mawili tu: tafuta futi, na hilo neno "minyama uzembe" lipumzishe. Tukutane Ijumaa ijayo, panapo majaaliwa!